David Livingstone: Safari iliyoanzia Mikindani na meno yaliyobaki njiani

Ukifika Mikindani, mwendo mfupi kutoka Mtwara mjini, wenyeji watakuonyesha nyumba ya kale yenye mlango wa nakshi na kukuambia kwamba hapo ndipo alipofikia David Livingstone. Kila mtoto aliyesoma historia shuleni analifahamu jina hilo. Alikuwa mmisionari, daktari, mpelelezi na mpinzani wa biashara ya watumwa. Katika makala hii tunayapitia maisha yake tukiangalia jambo ambalo vitabu vingi huligusa kwa sentensi moja tu, nalo ni meno yake. Mwaka 1866 alishuka pwani hii akiwa mtu wa miaka 53 mwenye nguvu za kutembea kwa miguu. Henry Morton Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, kinywa chake kilikuwa kimeharibika vibaya. Yeye mwenyewe aliyalaumu mahindi. Sisi tunadhani mahindi yamesingiziwa.

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, Blantyre nchini Scotland, katika familia maskini iliyoishi chumba kimoja. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwandani kufanya kazi ya pamba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kitabu alikiweka juu ya mashine, akasoma sentensi moja kila alipopita mbele yake. Mwaka 1836 alianza masomo ya udaktari Glasgow, na mwaka 1840 akapata kibali cha kutibu. Machi 1841 alifika Afrika Kusini akitumwa na Shirika la Misheni la London.

Ya miaka iliyofuata tutayapita haraka, maana yameandikwa mara nyingi. Mwaka 1844, mahali paitwapo Mabotsa, simba alimrukia na kuuponda mfupa wa mkono wake wa kushoto. Mfupa uliunga vibaya, na tutaukuta tena mbele. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat. Kati ya 1854 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda, pwani ya Atlantiki, hadi Quelimane, pwani ya Bahari ya Hindi. Safari hiyo ilimpa sifa kubwa Uingereza.

Katika miaka hiyo alijitengenezea vidonge vya homa alivyovitumia yeye na wenzake. Ndani yake kulikuwa na kwinini, mizizi miwili ya kuharisha, na kalomeli. Kalomeli ni chumvi ya zebaki. Madaktari wa zama zile walijua kwamba mgonjwa akipewa kalomeli nyingi mate humtiririka, fizi humvimba na meno hulegea. Dawa hiyo tuiweke kando kwa sasa.

Mto aliourudia mara tatu

Livingstone aliutaka mto Ruvuma kwa sababu ya siasa. Mdomo wa Zambezi ulikuwa mikononi mwa Wareno, naye alitafuta njia ya maji ya kuingia bara bila kuomba ruhusa yao. Machi 1861 aliingia Ruvuma na meli iitwayo Pioneer, akapanda umbali wa kama kilomita 50. Maji yakaanza kupungua, akageuza meli kabla haijakwama mchangani. Septemba 1862, miezi michache baada ya kumzika Mary kule Shupanga, alirudi na mashua ndogo pamoja na John Kirk. Safari hii walifuata mikunjo ya mto kwa zaidi ya kilomita 200, hadi miamba ilipowazuia. Mtu mwingine angekata tamaa, ila yeye alirudi mara ya tatu.

Machi 19, 1866, siku yake ya kuzaliwa, aliondoka Zanzibar kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin. Sultani Majid alikuwa amempa barua ya kumtambulisha. Alichukua ngamia, nyati, nyumbu na punda, kwa kuwa alitaka kujua ni mnyama gani angestahimili mbung'o. Machi 22 walikuwa kwenye mdomo wa Ruvuma. Anayeyajua maingilio ya mto ule, ambayo leo yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, atakisia kilichotokea. Mikoko ilisongamana na tope lilikuwa zito, hapakuwa na pa kumshushia ngamia. Ikabidi wageuke kaskazini hadi Mikindani, na tarehe 24 wakashuka kwenye ghuba ile tulivu.

Mapema Aprili msafara uliingia bara kuelekea mtoni. Walikuwemo askari wa Kihindi kutoka Bombay, watu kutoka kisiwa cha Anjouan, vijana wa Kiafrika waliosomeshwa India katika shule ya Nassick, na wenyeji wa Afrika waliowahi kusafiri naye zamani. Miongoni mwa hao wa mwisho walikuwa Chuma na Susi. Kichaka kilikuwa kizito hata ngamia hawakupita, kwa hiyo Wamakonde waliajiriwa kukata njia kwa shoka. Livingstone aliandika kuhusu mashimo ya sandarusi waliyoyapita na kuhusu wanawake wa Kimakonde waliovaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Alikuwa mtu wa kuangalia vinywa vya watu. Katika kitabu chake cha kwanza alikuwa ameeleza jinsi Watonga wa Zambezi walivyong'oa meno ya mbele ya juu vijana walipobalehe. Jinsi kinywa chake mwenyewe kitakavyokuja kuwa, hakukujua.

Mambo yaliharibika mapema. Wanyama walikufa mmoja baada ya mwingine, kwa kupigwa na kubebeshwa kupita kiasi kama si kwa mbung'o. Askari wa Kihindi walirudishwa pwani. Baada ya kufika Ziwa Nyasa mwezi Agosti, watu wa Anjouan walimtoroka, wakaenda Zanzibar kutangaza kwamba ameuawa. Krismasi ya 1866 ilimkuta kaskazini mwa Zambia ya leo akiwa amepoteza mbuzi wake wanne, na maziwa yao pamoja nao. Pigo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia, kwa sababu kilichobaki ni uji usio na ladha. Januari 20, 1867, wapagazi wawili walitoroka na sanduku la dawa. Kwinini ikaisha, na kalomeli nayo ikaisha.

Hapo tunaweza kuirudia kalomeli. Inawezekana ilimdhuru kidogo kidogo kwa miaka mingi. Lakini malalamiko makubwa ya meno yanatoka wakati ambapo dawa hiyo hakuwa nayo tena. Lawama yote haiwezi kubebwa na zebaki.

Mahindi ya Lunda

Kilichofuata ni miaka ya njaa. Katika nchi ya Lunda nyama haikupatikana, akala mahindi ya kuguguna kwenye gunzi. Stanley aliandika baadaye kwamba juhudi hiyo ya kuguguna ndiyo iliyolegeza meno yote ya daktari. Livingstone alimwandikia binti yake Agnes maneno yanayokaribia hayo, akimtania kwamba kinywa kimekuwa cha kutisha kiasi kwamba kumbusu baba itakuwa kazi. Jino lililolegea alilifunga kwa uzi imara kwa fundo la mabaharia, kisha akaupiga uzi kwa bastola nzito. Jino likatoka.

Hebu tufikiri kidogo. Kutoka Mtwara hadi Mombasa, kando ya kila barabara kuna mtu anayechoma mahindi, na watu hula wakiwa wamesimama. Wazee wa miaka 60 huguguna gunzi zima na kwenda zao. Kama mahindi yangekuwa yanalegeza meno mazima, vituo vya mabasi vingejaa vibogoyo. Jino zima halilegei kwa kutafuna. Linalolegea ni lile ambalo mfupa ulioushika mzizi wake umeshaliwa. Mahindi yalimwonyesha Livingstone kuwa mfupa umekwisha, hayakuwa yaliyoula.

Sasa, nani aliula? Hapa ndipo inapotulazimu kuacha njia ya Ujiji kidogo na kuingia ndani ya fizi.

Protini zinazowasha na zinazozima

Tunaposikia neno protini, wengi tunafikiria maharage, samaki na mayai. Hizo ni protini za chakula. Mwili huzivunja, kisha kwa vipande vyake hujenga protini zake wenyewe, maelfu ya aina. Nyingine ni za kujengea, kama kolajeni, ambayo ni kama kamba inayofunga jino kwenye mfupa wa taya. Nyingine ni vimeng'enya vya kukata na kuvunja. Na nyingine ni za kupeleka habari, zikitolewa na seli moja ili kuiambia nyingine la kufanya.

Kwenye shingo ya jino, pale linapokutana na fizi, hujikusanya utando laini wa bakteria tunaouita ukoga. Usiposuguliwa huendelea kukua na kuwa mgumu kama chokaa. Seli za fizi huwatambua bakteria hao na kutoa protini za tahadhari. Zinazojulikana zaidi ni interlukini ya 1, interlukini ya 6 na nyingine inayoandikwa kwa kifupi TNF. Mishipa midogo ya damu hutanuka, maji hutoka, na chembe nyeupe za damu huja kwa wingi kupigana. Fizi huwa nyekundu, huvimba, na hutoka damu ukipiga mswaki. Huo ndio uvimbe wa fizi, na mpaka hapo ni ulinzi wa kawaida. Ukoga ukiondolewa, fizi hurudi kama zamani baada ya muda mfupi.

Ulinzi huu una gharama. Chembe nyeupe hutoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni ili zipate njia ya kupita, na kimoja kinachojulikana sana kinaitwa MMP-8. Mwili unajua hatari hiyo, ndiyo maana kila protini ya kuwasha ina mwenzake wa kuzima. Interlukini ya 1 ina mpinzani anayefanana nayo: huingia kwenye kipokezi chake kama ufunguo unaoingia kwenye kitasa bila kuzunguka, na ufunguo halisi ukija hukuta mahali pamejaa. Interlukini ya 10 huzituliza seli zilizochachamaa. Vimeng'enya vya kukata kolajeni navyo vina protini za kuvifunga.

Kwenye mfupa kuna jozi nyingine, na kwa habari ya jino hii ndiyo yenye uamuzi. Protini iitwayo RANKL huziamuru seli zinazokula mfupa zikomae na kuanza kazi. Nyingine, osteoprotejerini, huikamata RANKL kabla haijafika. Katika taya lenye afya hizi mbili zinawiana, mfupa mkuukuu unatolewa na mpya unajengwa. Uvimbe ukikaa miezi na miaka, RANKL huzidi. Mfupa unaozunguka mzizi hushuka polepole, mara nyingi bila maumivu. Jino hubaki kama nguzo ya uzio iliyofukuliwa udongo, imesimama lakini ukiisukuma inacheza.

Inashangaza kwamba bakteria wengine wanaupenda uvimbe huu. Yupo mmoja aitwaye Porphyromonas gingivalis, anayehusishwa sana na ugonjwa mkali wa fizi. Ana vimeng'enya vyake mwenyewe vinavyokata protini za kinga na kuzivuruga, ili chembe nyeupe ziendelee kuja na kuchachamaa lakini zisimuue. Tishu zinazovunjika kwenye vurugu hiyo ndizo chakula chake. Kwa hiyo mwili unavyozidi kupigana hovyo, ndivyo adui anavyozidi kushiba. Hii inaeleza kwa nini ugonjwa wa fizi hauishi wenyewe kama mafua.

Protini moja zaidi inatufaa tukimfikiria Livingstone, nayo inaitwa DEL-1. Hutengenezwa na ukuta wa mishipa ya damu, na kazi yake ni kuzizuia chembe nyeupe zisishikamane na ukuta huo na kumiminika nje kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba panya wasio na DEL-1 hupoteza mfupa wa taya wenyewe, na kwamba katika panya wazee protini hiyo hupungua huku interlukini ya 17, inayoichochea vita, ikiongezeka. Walipowekewa DEL-1 kwenye fizi, upotevu wa mfupa ulipungua. Mwaka 2015 matokeo yanayofanana yalipatikana kwa kima. Umri, kwa maneno mengine, hulegeza breki.

Turudi kwa mtu wetu. Alikuwa anakaribia miaka 60. Alikuwa na homa za mara kwa mara. Kwa muda mrefu alikula nafaka tupu, bila maziwa, nyama wala matunda ya kutosha. Kolajeni haiwezi kusokotwa vizuri mwili ukikosa vitamini C, jambo ambalo hakuna daktari wa wakati wake aliyelijua, maana vitamini hiyo ilitambuliwa karne ya 20. Na mwili wenye njaa hauna akiba ya kujengea hizo protini za kuzima. Ukiyaweka yote haya pamoja, kwa maoni yetu taya lilikuwa linaliwa kutoka ndani muda mrefu kabla ya gunzi la kwanza la Lunda.

Manyema na Ujiji

Januari 1869 alipata homa kali ya mapafu, akabebwa kwenye machela, na Machi akafika Ujiji. Kutoka hapo aliingia Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Vidonda vya miguu vilimlaza Kabambare kwa miezi kadhaa, kuanzia katikati ya 1870 hadi mapema 1871. Julai 15, 1871, akiwa Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba, alishuhudia wafanyabiashara wa watumwa wakiufyatulia risasi umati wa watu sokoni, wengi wao wanawake. Waliokimbilia mtoni walizama. Taarifa yake ya siku hiyo ilichapishwa Uingereza na kuongeza shinikizo dhidi ya biashara ya watumwa ya Zanzibar. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja.

Baada ya Nyangwe alirejea Ujiji mwezi Oktoba 1871 akiwa mifupa mitupu, akakuta mali aliyotumiwa kutoka pwani imeuzwa. Siku chache baadaye Stanley aliingia mjini na msafara wenye chakula. Wenye kusimulia habari hii husimama kwenye maneno ya kusalimiana. Kwetu lililo na uzito ni mlo. Livingstone alianza kula mara nne kwa siku, na nguvu zikaanza kurudi baada ya siku chache tu. Stanley aliandika kwamba chakula kigumu cha Lunda na Manyema kilikuwa kimeyafyeka meno ya mzee. Mwili uliopata lishe ulijirekebisha haraka kila mahali isipokuwa pale. Mfupa wa taya ulioliwa na uvimbe haurudi kwa kula vizuri.

Hilo halijabadilika sana tangu 1871. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawapata watu zaidi ya bilioni 1, sawa na asilimia 19 ya watu wazima duniani. Wengi wao hawajui. Ishara ya kwanza ni damu kwenye mswaki, nayo huchukuliwa kuwa kitu cha kawaida. Tumesikia mara nyingi watu wakisema wameacha kusugua sehemu inayotoka damu ili ipone. Hapo wanawaachia bakteria uwanja. Damu inasema ukoga upo, na dawa yake ni kuuondoa kwa kusugua taratibu lakini vizuri, asubuhi na kabla ya kulala.

Mti wa mswaki, ambao umeipa lugha yetu neno hilo, unafanya kazi hiyo ukitumiwa kwa uangalifu hadi kwenye shingo ya jino. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hautoki kwa mswaki wa aina yoyote. Unakwanguliwa na mtaalamu wa kinywa, na kazi hiyo ikifanyika mapema huzuia mfupa usiendelee kushuka. Mwenye kisukari anahitaji uangalizi zaidi, kwa sababu sukari ikipanda uvimbe wa fizi huzidi, na uvimbe wa fizi ukizidi sukari huwa ngumu kudhibiti. Tumbaku huongeza madhara, na ina hila yake: hubana mishipa ya fizi hata damu isionekane, mvutaji akadhani yu mzima.

Kwa ugonjwa wa fizi, dawa za kuigiza zile protini za kuzima bado ziko kwenye utafiti. Siyo kitu cha kuuliza duka la dawa leo. Kilicholetwa na elimu hii mpaka sasa ni namna tofauti ya kuuona ugonjwa. Zamani iliaminika kwamba bakteria ndio wanaotafuna mfupa. Sasa tunajua ni seli za mwili wenyewe zinazoula, zikitii amri ambazo hakuna aliyezifuta.

Mfupa uliomtambulisha

Livingstone alikataa kurudi nyumbani na Stanley. Machi 1872 waliagana Unyanyembe, karibu na Tabora, na Agosti akaondoka tena kwenda kusini kutafuta chanzo cha Nile, akiamini kukitafuta mahali ambapo hakipo. Mvua, kuharisha damu na udhaifu vilimmaliza. Mei 1, 1873, wenzake walimkuta amekufa katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Uamuzi waliouchukua Chuma, Susi na wenzao hatuoni kama umepewa nafasi unayostahili. Moyo wake waliuzika chini ya mti, mwili wakaukausha juani, wakaufunga na kuubeba kwa miezi mingi hadi pwani. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Kijana wa Nassick aitwaye Jacob Wainwright, aliyekuwa amesoma sala za maziko kule Chitambo, alisafiri na jeneza hadi Uingereza. Huko madaktari walitakiwa kuthibitisha kwamba mwili ule uliokauka ulikuwa wa Livingstone. Mpasuaji Sir William Fergusson aliutazama mkono wa kushoto, akaona mahali mfupa ulipovunjwa na simba mwaka 1844 na kuunga vibaya. Alizikwa Westminster Abbey Aprili 18, 1874.

Chuma alirejea Afrika Mashariki na kuwa kiongozi wa misafara mwenye sifa. Miaka ya 1870 aliwaongoza wamisionari wa Kianglikana wa Askofu Edward Steere katika nchi ile ile ya kusini, kati ya pwani na Ruvuma, ambayo aliingia kwa mara ya kwanza akitokea Mikindani na ngamia wasiopita kichakani. Mwaka 1876 watumwa walioachwa huru walianzishiwa makazi Masasi, na njia za kwenda huko alikuwa akizijua. Alifariki Zanzibar mwaka 1882.